Simu ya Shemeji

Shemeji yake alipokuja kumwambia ahame, alikuja na tepu ya kupimia. Mama Pasi alikuwa amesimama kwenye meza yake katika chumba cha mbele, pasi ya mkaa mkononi, ananyoosha shati la mwalimu mmoja asiyetaka kuona mkunjo hata wa bahati mbaya. Shemeji akabisha hodi, akakaribishwa, wakajuliana hali, kisha akasema, "Hebu sogeza meza kidogo, shemeji, nipate hiyo kona."

Akaisogeza. Mama Pasi alikuwa mtu wa namna hiyo. Ukimwomba kona anakupa kona, halafu ndiyo anaanza kujiuliza unaitakia nini. Shemeji akapima ukuta, akapima mlango, akarudia ukuta kwa sababu mara ya kwanza hakujiamini, akaachia tepu ikajikunja yenyewe kwa kelele.

"Kitanda kitaingia," akasema.

"Kitanda gani?"

"Cha kijana. Si anaoa? Nimemwambia aanzie maisha hapa. Nyumba ya marehemu kaka yangu ni nyumba yetu sisi ndugu zake, na wewe, shemeji, kazi uliyofanya inatosha. Nenda kwa binti yako ukapumzike. Mwisho wa mwezi siyo mbali, anza kufunga vitu pole pole."

Aliyasema kwa upole kabisa, kama mtu aliyekuletea zawadi akawa anasubiri uifungue. Mama Pasi akashusha macho mezani, akaona pasi imekaa muda wote huo juu ya mgongo wa shati la mwalimu. Akainyanyua. Chini yake pasi ilikuwa imejichora, rangi ya chai ya rangi, ncha imeelekea kwapani. Tangu aanze kazi ile hakuwahi kuunguza nguo ya mtu.

Ukweli ni kwamba alikuwa hajachoka. Na huko kwa binti kulikuwa na chumba kimoja, mume, watoto, na kabati lililokula nusu ya chumba. Kupumzika huko ni kulala umekaa. Wateja wake wote walikuwa hapa. Meza ilikuwa hapa. Kitanda alichofia mumewe mwaka uliopita kilikuwa hapa, chumba cha nyuma, na yeye bado alilala upande wake ule ule wa ukutani, hakuthubutu kuusogelea mwingine.

Sasa huyu shemeji, mtaani hawakumwita jina lake. Walimwita Siyo Hivyo. Huwezi kusimulia jambo mbele yake ukalifikisha mwisho. Ukisema mvua ilinyesha Jumatatu, atakwambia siyo hivyo, ilianza Jumapili jioni ikapumzika. Kwenye mazishi ya kaka yake mwenyewe alimsahihisha msemaji juu ya ugonjwa wa marehemu, watu wamesimama juani, mpaka jambo likanyooka kama alivyotaka. Hakuwa mtu mbaya. Ila masikio yake hayakuweza kuvumilia habari iliyopinda, hasa habari ambayo na yeye alikuwepo.

Jirani wa kwanza kusikia alikuwa msusi, mwenye saluni ukuta kwa ukuta na Mama Pasi. Alikuja na kitana mkononi.

"Eti uhame? Kwani wewe ni kabati, mtu anakupima tu anakuhamisha?"

"Anasema nyumba ni ya kaka yake."

"Na wewe ulikuwa nani humo, mpangaji?"

Mama Pasi akawa anapepea mkaa wake. Yeye mwenyewe miaka yote alisema "nyumba ya mume wangu". Hakuna aliyewahi kumsikia akisema vingine.

Msusi akakaa kwenye benchi. Akamweleza kwamba kule zahanati muuguzi amewatangazia habari ya namba ya simu, ya bure, ya watu wasioweza kufika kwa mawakili. Hutaki karatasi, hutaki kalamu. Unapiga, unaambiwa useme, unasema, basi. Wakili anasikiliza huko aliko kisha anakutafuta yeye.

"Hata kwa simu yangu hii?" Simu ya Mama Pasi ilikuwa ya vitufe, kitufe cha tano kimezama.

"Hata hiyo. Inataka mdomo tu."

Basi Mama Pasi akanawa mikono, akajifunga leso vizuri kichwani, maana anakwenda kuongea na wakubwa, akaiweka simu mezani na sauti ya juu. Sauti ya mwanamke ikatoka, tamu, imenyooka. "Karibu. Baada ya mlio, eleza tatizo lako kwa ufupi."

"Ahsante, mama, nimekaribia. Hamjambo huko?" Akanyamaza kungoja jibu. "Haya. Poleni na kazi. Na watoto wazima?" Akangoja tena, ameinamisha kichwa kwa heshima.

Simu ikalia. "Ahsante kwa maelezo yako," sauti ikasema, ikakata.

Msusi alikuwa ameziba uso kwa leso ya kazi, mabega yanamcheza. "Mama, ile ni mashine."

"Kwani mashine haina wenyewe? Mtu unaingiaje nyumbani kwa watu unaanza na shida?"

Akapiga mara ya pili. Safari hii alikusudia kufupisha, lakini ile sauti aliisikia ni ya kijana, akaona si adabu yeye aanze. Akakaa kimya kungoja aamkiwe. Muda ukaisha mashine na yeye wamenyamaziana, kila mmoja na heshima zake. Mara ya tatu msusi akamshika kiwiko, na mlio ulipotoka tu akambinya.

"Shemeji amepima chumba changu," Mama Pasi akasema haraka, kama mtu aliyechomwa. "Anataka nihame mwisho wa mwezi, aweke mwanawe. Mume wangu amefariki. Mimi ni mpiga pasi. Nisalimieni..." Ikakata.

Kesho yake asubuhi simu ikaita.

"Shikamoo, mama. Mimi ni wakili."

"Marahaba, mwanangu. Jana ulikuwa na haraka sana."

"Jana ile ni mashine, mama, mimi ndiye mtu. Nimesikiliza jumbe zako zote. Huku hatujambo, kazi tumeshapoa, na mtoto ninaye mmoja, mzima."

Hapo moyo wa Mama Pasi ukakaa mahali pake. Akaona huyu ni wa kusikilizwa. Wakili akamweleza taratibu, bila kumpeleka mbio: nyumba iliyojengwa na mume na mke kwa mikono yao wote wawili, mume akifa haiwi ya ndugu zake tu kwa kuwa ni ndugu. Akaomba namba ya shemeji, akampigia, kisha akarudi hewani na shida: shemeji anasema kaka yake alijenga peke yake. Karatasi za ujenzi hakuna. Kwa hiyo wataanza kwa usuluhishi, kwa simu ya video. Msuluhishi atasikiliza pande zote mbili. Wakikubaliana inaandikwa na mahakama inaitambua. Wasipokubaliana itabidi kwenda mahakamani, na huko mambo huchukua muda, na kijana ana harusi.

"Sasa, mama, kitu kimoja. Siku hiyo lazima useme wewe ulifanya nini kwenye ile nyumba. Siyo marehemu. Wewe."

"Nilisaidia."

"Ulisaidia nini?"

"Hivi na hivi."

"Mama yangu, 'hivi na hivi' siwezi kusimama nayo mbele ya msuluhishi."

Mama Pasi akatazama dirishani. Angemwambiaje mtoto wa watu? Mwaka ule wa kujenga mgongo wa mumewe ulikuwa umegoma. Mwanamume mwenye sauti nzito vile, amelala chini kwenye mkeka miezi, mkewe yuko juu ya paa. Wakati ule wapita njia walisimama kutazama, na mumewe alikuwa akigeuza uso ukutani. Toka hapo Mama Pasi alijiapiza kimoyomoyo kwamba hatalisema. Akiulizwa nani alijenga, alisema mume wangu, na mumewe akisikia alikuwa anakohoa kidogo, anaendelea kunywa chai. Kulisema sasa, mbele ya wazee, marehemu hayupo hata wa kukohoa, aliona ni kama kumvua nguo.

"Nitajaribu," akamwambia wakili.

Akajaribu kweli. Kila akipiga pasi alijifundisha. "Mimi nilijenga," alimwambia suruali. "Mimi nilipiga paa," alilinong'oneza shuka. Uso ukawa unamwaka kuliko mkaa. Msusi, akimsikia ng'ambo ya ukuta, alipiga kelele, "Ongeza sauti, shuka halijasikia."

Ikabaki kupata simu yenye macho. Ya msusi ilikuwa imetumbukia kwenye beseni la kuoshea nywele, na fundi simu alikuwa ameifungua ikabaki imetawanyika mezani kwake, kila akiulizwa anasema inakauka. Ya muuguzi ilikuwa ya kazi. Mtaa mzima simu nzuri ilibaki moja, kubwa kama sinia, inakaa ndani ya mfuko wa ngozi kiunoni kwa mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Siyo Hivyo.

Mama Pasi alizunguka na jambo hilo siku kadhaa. Mwishowe akapiga moyo konde akavuka barabara. Mke wa shemeji alikuwa kizingitini anachambua mchele, na shemeji mwenyewe kwenye kiti anaifuta simu kwa kitambaa cha miwani.

"Karibu, mwenzangu," mke akasema. "Habari za huko?"

"Nzuri. Nimekuja kuazima simu kwa shemeji."

"Ya nini?" shemeji akauliza.

"Nina kesi, na simu yangu haina macho."

"Kesi na nani?"

"Na wewe."

Ungo wa mke ukasimama hewani. Shemeji akakunja kitambaa chake mara mbili.

"Siyo hivyo," akasema. "Siyo kesi, ni usuluhishi. Nimeletewa ujumbe. Kesi ni ile ya mahakamani. Watu mnachanganya sana mambo hayo."

"Basi nimekuja kuazima simu ya usuluhishi."

"Yaani wewe," mke akamgeukia mumewe, "umwazime mtu simu akushitakie nayo?"

"Sasa unataka akaazime kwa nani? Ataingia nyumba za watu kuomba simu, mimi shemeji yake nipo na ninayo? Watasemaje?" Akaigeuza simu, akaitazama mgongo. "Tena hapa kwetu mtandao haushiki, mpaka upande juu ya tangi. Kwake unashika vizuri, nyumba imetazama mnara. Tutafanyia kwake. Ila, shemeji, simu haishikwi na mtu isipokuwa mimi."

"Sawa."

"Na bando utaweka wewe, kwa kuwa ndiye uliyeshitaki."

"Si umesema siyo kesi?" mke akauliza, akarudisha macho kwenye mchele.

Siku ikafika. Mama Pasi alikuwa amefagia, amezima mkaa, ametandika shuka safi juu ya meza. Shemeji akafika amevaa shati la mikono mirefu, ambalo lilikuwa limepigwa pasi pale pale wiki ile, na Mama Pasi hakuweza kujizuia kuona kwamba kola imekaa vizuri. Simu wakaiegemeza kwenye pasi baridi. Msusi alipita kwa bahati tu, alisema, akiwa na mteja aliyesukwa nusu ya kichwa, na wote wawili wakapata nafasi ya kukaa kwenye mkeka kwa bahati hiyo hiyo. Mke wa shemeji akasimama mlangoni, hakai wala haondoki.

Kwenye kioo wakatokea watu wawili. Wakili, msichana mwembamba wa miwani, na chini yake kipara.

"Hamjambo," kipara kikasema. "Mimi ndiye msuluhishi. Mnaniona?"

"Siyo hivyo, mzee," shemeji akasema. "Inua simu. Inua. Rudisha nyuma kidogo. Hapo. Sasa tunakuona uso."

"Ahsante. Wewe ndiye nani?"

"Mimi ndiye mwenye simu."

"Na ndiye upande wa pili," wakili akaongeza.

Msuluhishi akawaza kidogo juu ya hilo. Kisha akaeleza utaratibu. Ataanza na mama peke yake, aseme bila kuogopa mtu, halafu zamu ya bwana. Kwa hiyo bwana atoke nje.

"Nitoke na simu?"

"Simu ibaki."

"Simu ni yangu."

"Tunaishukuru. Ibaki, wewe utoke."

Shemeji akatoka kama mzazi anayemwacha mtoto kwa daktari. Hakwenda mbali. Akasimama nje ya dirisha, mgongo umegusa nondo, ameangalia barabara ili kila mtu aone kwamba hasikilizi. Masikio tu ndiyo yalibaki ndani.

"Haya, mama," msuluhishi akasema. "Nyumba hii ilijengwa na nani?"

Mama Pasi akanyoosha ukingo wa shuka la mezani. Akamtazama wakili, akaona yule msichana ameinama mbele kama anataka kuingia humo mezani amsukume. Akafungua mdomo kusema alichokuwa akikiambia shuka.

"Na mume wangu," akasema. "Marehemu."

Wakili akafumba macho. Nje ya dirisha mtu akakohoa.

"Na wewe, ulikuwa na sehemu yoyote katika ujenzi huo?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa nachemsha chai."

Msusi akamfinya mteja wake badala ya kumfinya Mama Pasi. Dirishani kikohozi kikarudi, kirefu zaidi.

"Matofali yalitoka wapi?"

"Yalipatikana tu."

"Yalipatikana," msuluhishi akarudia, akiandika. "Na mabati?"

"Nayo yalipatikana."

Kivuli kikasogea kwenye dirisha. Mtu huko nje alikuwa anahamisha uzito mguu huu kwenda huu, kama aliyebanwa na haja.

"Mama," wakili akasema kwa sauti ndogo, "naomba ukumbuke tuliyoongea. Paa hilo lililo juu yako, nani alilipiga?"

Mama Pasi akatazama juu. Misumari ile aliijua kila mmoja. Akaona mkeka, akaona uso umegeukia ukutani. Machozi yakamkaribia, na pamoja nayo ikaja kona ile ya kitanda cha kijana, na chumba cha binti, na mwisho wa mwezi. Akajua kwamba neno moja likitoka atabaki na likikwama ataondoka. Likakwama.

"Mafundi," akasema. "Walilipiga mafundi."

"Siyo hivyo," dirisha likasema.

Kila mtu akageuka. Shemeji alikuwa amegeuka naye, ameshika nondo kwa mikono miwili, uso katikati.

"Mafundi gani, shemeji? Unasimuliaje hivyo? Fundi alikimbia. Alituacha na kuta tupu na wingu jeusi limekaa hapo, akaitwa kazi nyingine akaenda, hata ngazi yake hakuirudia. Mimi nilikuwepo."

"Nani anaongea?" msuluhishi akauliza.

"Ni upande wa pili, mzee," wakili akasema haraka. Uso wake ulikuwa umeamka. "Ameomba kusahihisha. Mama, unaridhia aingie?"

Mama Pasi alikuwa na hofu naye, lakini aliona jasho limeanza kumlowanisha kola. "Aingie," akasema. "Huko kuna jua."

Shemeji akaingia, akavuta benchi mbele ya simu, akajiona mwenyewe pembeni mwa kioo, akajiweka sawa. Mama Pasi akasogea kumpa kona.

"Nisikilize vizuri, mzee," shemeji akasema, "maana huyu ametia habari maji. Mwaka ule kaka yangu mgongo ulimkataa. Alilala hapa chini, hapa, walipokaa hawa."

"Shemeji," Mama Pasi akasema taratibu. "Liache hilo."

"Niliache kwa nini? Mgongo ni mgongo. Ugonjwa siyo wizi. Alikuwa amelala hapa anatoa amri kama jemadari. 'Msumari huo umekwenda kombo. Ng'oa. Piga tena.' Amelala chali, anaona kila kitu, tena anatukana. Si unakumbuka alivyokuwa anatukana?"

Mama Pasi akakumbuka. Miaka hiyo yote alikuwa amebaki na uso ule uliogeukia ukutani, akasahau kabisa matusi. Cheko likamponyoka, dogo, akaliziba kwa leso, likatokea pembeni.

"Sasa," msuluhishi akasema, akiwa ameinua kalamu, "kaka yako alikuwa chini. Juu alikuwa nani?"

"Juu alikuwa yeye. Angekuwa nani? Mimi nikipanda juu napata kizunguzungu. Mimi nilishika ngazi."

"Na matofali?"

"Alifyatua yeye, hapo nyuma, alfajiri kabla hajawasha pasi. Lakini kipimo cha maji nilimwonyesha mimi. Ya kwanza yote yalipasuka, kwa sababu hakunisikiliza."

"Na mabati?"

"Aliuza cherehani yake. Mnunuzi nilimtafuta mimi. Nilimleta mpaka mlangoni."

Wakili alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Shemeji akaendelea, mzee wa watu, amenoga. Akaingiza sakafu, nani aliponda kokoto na nani alikwenda kuazima toroli. Akaingiza mlango, nani aliubeba kichwani kutoka kwa seremala na nani alitangulia mbele kusafisha njia. Kila alipotaka kujiweka ndani ya habari, ilibidi kwanza amweke shemeji yake, maana yeye siku zote alikuwa ameshikilia kitu ambacho mwenzake amesimama juu yake. Alipofika mwisho akajifuta paji la uso, akamtazama msuluhishi kama mtu aliyemrudishia mwenzake mzigo wake salama.

"Nisome nilichoandika?" msuluhishi akauliza.

"Soma."

"Umesema matofali alifyatua mama huyu. Mabati alinunua mama huyu kwa mali yake. Paa alipiga mama huyu. Kokoto aliponda yeye. Na wewe ulishika ngazi."

Mteja wa msusi, ambaye hata hakuwa mtu wa mtaa ule, akasema kwa utulivu, "Hapo imekwisha."

"Umemaliza, baba?" mke wa shemeji akauliza kutoka mlangoni. "Au limebaki na dirisha hujalitolea ushahidi?"

Shemeji akafungua mdomo. Wote waliliona lile neno lake linapanda kifuani, linafika kooni, watu wakalisubiri. Halafu likashuka. Akatazama paa. Akatazama mkeka. Habari ilikuwa imenyooka, hapakuwa na mahali pa kuishika.

"Ndivyo," akasema.

Msusi alikuja kuapa baadaye kwamba mtaa ule haujawahi kusikia neno hilo kwenye kinywa hicho.

"Basi bado unasema kaka yako alijenga peke yake?" msuluhishi akauliza.

"Nilisema hivyo kwenye simu, kwa kufupisha. Waliniambia nieleze kwa ufupi." Akapangusa goti. "Lakini kijana anaoa, mzee."

"Kijana atapanga chumba," mke akasema. "Kama sisi tulivyopanga. Hata huyo mwali ameshasema hataki kuanza maisha kwa kufukuza mtu. Hukuuliza, ndiyo maana hukujua."

Ikawa hivyo. Msuluhishi akaandika makubaliano, wakili akayasoma kwa sauti, maneno ya kawaida ambayo mtu anaelewa: kwamba nyumba ni ya mama huyu, kwamba atakaa humo, hatapimwa wala kuhamishwa na ndugu yeyote wa marehemu. Mama Pasi aliyasikiliza ameshika ukingo wa meza. Wakili alipofika kwenye "atakaa humo", yeye akaifunga leso yake upya kichwani.

"Kila mmoja aseme anakubali, kwa sauti, itarekodiwa," wakili akasema. "Tuanze na bwana."

"Bado," shemeji akasema. "Ngazi sijaisikia."

"Ngazi gani?"

"Si mmeandika nani alifanya nini? Mimi nilishika ngazi. Iandikwe. Watoto wa watoto wangu watasoma waone mimi nilikuwa nimekaa tu?"

Msuluhishi akatazama wakili, wakili akatazama dari la huko kwao. Kalamu ikaandika. "Shemeji wa mama alishika ngazi," msuluhishi akasoma.

"Aliishika vizuri," shemeji akasema. "Weka na hilo."

"Mama, una pingamizi?"

Aliuliza kwa kutimiza utaratibu tu. Hata mkono ulishaanza kuandika. Lakini Mama Pasi alikuwa amesimama.

"Ninalo," akasema. "Hakuishika vizuri."

"Siyo hi..." shemeji akaanza.

"Ndivyo, shemeji. Ulikuwa unaangalia wapita njia. Ngazi inacheza, mimi nakuita, na siwezi kuita, misumari imenijaa mdomoni. Mume wangu alipiga kelele kule chini ndipo ukageuka." Sauti yake ilikuwa inapanda yenyewe, na wala uso haukumwaka. "Mimi ndiye niliyekuwa juu. Paa hili nililipiga mimi, mzee. Fundi hakuwepo. Nililipiga mimi, bati la kwanza mpaka la mwisho, na mume wangu ananielekeza."

"Mama," wakili akasema, na sauti yake haikuwa sawa, "rudia hiyo ya mwisho. Nataka irekodiwe kwa mdomo wako."

Akairudia. Ng'ambo kule kalamu ikakimbia. Shemeji alikuwa anatazama vidole vyake kana kwamba anajaribu kukumbuka wapita njia wenyewe walikuwa nani.

"Kuna yule aliyepita na mbuzi," akasema mwishowe, chini chini.

"Ndiyo huyo," Mama Pasi akasema.

"Basi niambieni," msuluhishi akasema, amevua miwani anajisugua macho. "Niandike nini? Aliishika au hakuishika?"

Mama Pasi akarudi kukaa, wakatazamana yeye na shemeji yake, kwenye benchi moja, mbele ya simu moja iliyoanza kupata moto.

"Andika aliishika," Mama Pasi akasema. "Hilo la vizuri liache."

"Nakubali," shemeji akasema.